Rojo la Nyanya Lisilo na Chumvi

Rojo langu la nyanya mnalisifia, na yule daktari wa presha naye kalisifia, kaniuliza bibi umejuaje kuwa chumvi nyingi si nzuri. Nikacheka mpaka nikakohoa. Mimi shule nimeionja tu. Hili nilijifunza njaani, kwa mama yangu, nikiwa bado katoto. Kaeni niwaambie.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, ila Mjerumani alishachoma maghala yote, toka Matogoro hapa mpaka kule njia ya Madaba. Baba walimnyonga bomani na wenzake, wakawafukia wenyewe. Wapi, hatukuonyeshwa. Sasa kwetu, kwenye msiba chumvi hailiwi mpaka mzike, mnyoe nywele, ndipo wazee wawalambishe chumvi, mjue msiba umekwisha. Wa baba tungeumalizaje, kaburi hatulijui? Bibi, mama yake baba, akasema yeye basi, chumvi haigusi.

Na alikuwa anakwisha, jamani. Miguu imevimba, mizizi ya porini tuliyokula inamkwama kooni. Mama akahangaika naye, maana ndiye aliyemzaa mumewe.

Pale nyumba yetu ilipoungulia, nyanya zile ndogondogo ziliota zenyewe kwenye majivu, nyekundu, utadhani hakuna lililotokea. Mama anachuma zilizoiva mpaka zinapasuka, anachemsha, anamenya maganda, anachuja kwenye kikapu cha kuchujia pombe, na pombe yenyewe ilikuwa wapi? Halafu anaziacha chunguni, moto mdogo, mpaka ziwe nzito na utamu wake wenyewe. Ukiziharakisha zinabaki na uchachu, ndiyo maana watu wanakimbilia chumvi. Mafuta hata tone.

Bibi akalamba kidole. Akalamba tena. Siku zikaenda, akawa analila rojo hilo na majani ya maboga, anatoka kuota jua, anamsema mama kuwa anapika kama konokono. Mama alifurahi kusemwa, nyie.

Ndipo akaja shangazi, dada yake baba. Yeye alikuwa anapeleka kuni kwa askari wa bomani, wanamlipa chumvi. Akamwona mama yake alivyokonda, akaona chakula chenyewe hakina ladha kitampaje nguvu. Mama alipokwenda mtoni, akatia chumvi kidogo tu. Alitia kwa huruma, simsemi vibaya.

Bibi kuonja, akaweka kibuyu chini. Akamwuliza shangazi, taratibu kabisa, "Mwanangu mmemzika lini?"

Shangazi akapiga magoti, akalia, akaapa hakuwaza hivyo. Mama akarudi, akapika chungu kingine, akaonja mbele ya bibi, akamsogezea kwa kidole chake mwenyewe. Bibi akageukia ukuta wa kibanda tulichojibanza. Alisema chungu cha nyumba hiyo hakiamini tena. Hakula mpaka akafa.

Yeye tulimzika. Tukanyoa. Wazee wakaja na chumvi pale pale kaburini, kila mtu akalamba, shangazi naye. Ilipofika zamu ya mama, akaishika kiganjani, akaitazama.

"Wazee wangu, nikiilamba hii, na msiba wa mume wangu nitakuwa nimeumaliza?"

Mmoja akasema, "Lamba, mkamwana. Jua linazama."

Mama akaimwaga chini, akajifuta mkono, akaenda zake kuwasha moto.