Ni Maua Tu, Mama

Kila mvua ya masika ikiisha na nyasi zikichanua, mimi hupiga chafya mpaka macho yanavimba. Nimejifukiza kwa majani ya mkaratusi, nimejipaka mafuta ya kuchua hadi puani, wapi. Mwishowe daktari wa kliniki ya Kariobangi aliniambia nina aleji ya maua, akanipa vidonge. Vinasaidia, ila vinanilaza kama mtoto mchanga.

Juzi fundi mmoja wa karakana yetu ya fanicha alifariki. Mimi ni karani mgeni pale, na marehemu tulisalimiana tu mlangoni, lakini wenzangu walinituma niwawakilishe kwenye ibada nyumbani kwake Huruma. Niliona aibu kusinzia mbele ya jeneza, kwa hiyo sikumeza kidonge.

Nilikalishwa kando ya mashada. Wimbo wa kwanza haujaisha, machozi yalikuwa yananitiririka hadi shingoni na leso imelowa chepechepe. Nililia kumshinda mjane. Wanawake walionizunguka wakanitazama mimi, kisha wakamtazama yeye. Akainuka, akaja akanishika mkono.

"Dada, unamlilia mume wangu hivi, wewe ni nani?"

Nikaona heri nimweleze ukweli wa machozi yale.

"Ni maua, mama," nikasema.

Akauachia mkono wangu.

"Kumbe Maua ndiye wewe," akasema polepole. "Alikuita mpaka akakata roho."

Nikafungua kinywa nikane, ikatoka chafya.