Fungu la Mwarobaini

Joto la kwanza lilipoingia, maua ya msufi mwekundu yakidondoka uani kama ndoto, Bibi Nirupama alikaanga majani machanga ya mwarobaini kwa biringanya. Msimu huo kila mtu huanza na hayo kabla ya chakula kingine, kujikinga na tetekuwanga.

"Chungu, Bibi!" mjukuu wake Tuktuki akalalama.

"Meza! Au unangoja upele uje kukubembeleza?"

"Mbona wewe huli?"

Bibi akalitazama fungu lake sahanini. Kwa miaka arobaini mumewe Haripada alilila kimyakimya kwa niaba yake, huku akimkonyeza. Sasa picha ya marehemu ilining'inia ukutani, imevikwa shada la maua.

Akatia tonge kinywani, akatafuna. Machozi yakamlenga.

"Kumbe ni chungu hivi," akanong'ona, "na mzee yule hakukunja uso hata siku moja."