Mwalimu Tembo na Sauti Alizozigawa

Saa tatu asubuhi, watoto wa chekechea wamekwisha kubanana mkekani, magoti kwa magoti, na mmoja tayari ameshtakiwa kwa kukalia sketi ya mwenzake. Mbele yao, kwenye kigoda, mwalimu wao anafungua kitabu cha picha kilichobandikwa selotepu kila pembe. Anaweka kidole chini ya neno la kwanza, kisha anafunga mdomo.

Hasomi yeye. Wanasoma wao.

"Te-mbo ha-pa-ti u-si-ngi-zi," wanasoma kwa pamoja, wengine wakikitangulia kidole, wengine wakikikimbiza. Mwandishi wa makala haya anapomnong'oneza mwalimu swali, mvulana wa mstari wa mbele anageuka na kumkazia macho. "Wewe mgeni, nyamaza. Tunasoma."

Mgeni anarudi kwenye daftari lake.

Mwalimu huyu, mama wa watoto wawili waliokwisha kuwa watu wazima, amefundisha chekechea tangu usichana wake. Hapa shuleni hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mwalimu Tembo, kwa ajili ya ile sauti nzito aliyokuwa akiitoa kila tembo alipotokea kwenye ukurasa. Mpishi wa shule anasema alikuwa akiisikia hadi jikoni na kujua hadithi imefika wapi.

Kila mnyama alikuwa na sauti yake, na sauti hizo ndizo zilizomponza.

Muhula uliopita, akiwa katikati ya ukurasa wa tembo, sauti ilimkatika. Watoto waliangua kicheko wakidhani ni sehemu ya hadithi. "Nikafungua mdomo tena, ikatoka pumzi tupu," anakumbuka. Siku hizi anazungumza kidogo kidogo, kwa sauti ya chini yenye mikwaruzo.

Daktari wa koo alimwonyesha vinundu vilivyoota kwenye nyuzi za sauti. Akamwagiza akae kimya kwa wiki kadhaa, hata kunong'ona asinong'one. Sauti isiporudi vizuri, itabidi aache kufundisha. Mwalimu mkuu, kwa nia njema kabisa, akamwandalia kazi ya kutunza stoo.

"Nililia, sikufichi. Na nililia bila sauti, maana hata hiyo nilikuwa nimekatazwa."

Mumewe, fundi cherehani, anacheka akizikumbuka siku zile. "Miaka yote mimi ni mtu wa kuambiwa. Ghafla nikawa mtu wa kunyooshewa kidole. Nilitamani anigombeze hata mara moja, nyumba ichangamke."

Mwalimu mkuu alimruhusu akae na watoto mpaka apatikane mwingine. Asubuhi ya kwanza akaketi kwenye kigoda kama kawaida na kufungua kitabu.

"Mwalimu, anza," wakamwambia. Akagusa koo, akatikisa kichwa, akaweka kidole chini ya neno. Wakatazamana. Mmoja akamshauri anywe maji.

Ndipo binti wa mlinzi wa geti, mtoto ambaye tangu mwaka uanze hakuwahi kujibu swali lolote darasani, akasogea kwa magoti hadi kitabuni na kusoma mstari mzima.

Mwalimu hakushangilia. Anawajua watoto. Hadithi wakiizoea huikariri, na wanaweza kukusomea hata kitabu kikiwa kimefungwa. Kesho yake akaleta kitabu ambacho hawajawahi kukiona.

Binti akaja tena. Akaenda silabi kwa silabi mpaka akakwama. "Mwe... mwe..." Akainua macho kwenye picha, akaona mwezi juu ya paa la nyumba, akarudi kwenye neno. "Mwezi," akasema, akaendelea na safari yake.

"Nilitaka kupiga vigelegele, nikauma mtandio," anasema mwalimu. "Miaka yote nilidhani tembo wangu ndiye anayewafundisha kusoma. Kumbe wao wanafuata kidole, mimi nawapigia kelele."

Tangu hapo amezigawa sauti zake. Chura amechukuliwa na mapacha, kila mmoja upande wake wa ukurasa. Tembo ameng'ang'aniwa na mtoto mdogo kuliko wote. "Analia kama mbu," anasema mwalimu, "lakini jaribu kumnyang'anya, utakiona cha moto."

Getini, mlinzi anasema binti yake sasa anamsomea kila chenye maandishi, hata pakiti ya sabuni. "Namwambia, mwanangu, pumzika kidogo. Hapumziki." Kisha anageuka kuitazama barabara isiyo na mtu, na anajifuta macho.

Wiki ijayo mwalimu anarudi kwa daktari. Jibu atakalopewa ndilo litakaloamua kama atabaki na watoto hawa, na hafichi kwamba anaogopa. "Namwomba Mungu sauti ya kuongea tu. Ya tembo nimeshaigawa."

Kabla ya siku hiyo, amewaalika wazazi waje Ijumaa kuwasikiliza watoto wao wakisoma. Kigoda amempa binti wa mlinzi. Yeye mwenyewe atakaa chini, mkekani, katikati ya watoto.

"Vitabu hivi nimevisoma maisha yangu yote nikiwa upande wa nyuma, kurasa nimewageuzia watoto, picha nazichungulia kwa kupinda shingo," anasema. "Sijawahi kukaa mbele ya kitabu, mtu akinisomea. Daktari atasema lake. Mimi kwanza nataka nisomewe."