Kaza Tena na Mbio Mbili za Kufutwa

"Hebu niambie, mama, hapo kwenu bingwa ni nani? Mke au mume?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu mshona mapazia, ameegemea ukuta unaotutenganisha, pini ziko mdomoni. Mimi nilikuwa naanika mashuka. Nikamwambia asubiri nikamuulize kaka. Kaka alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nilipomuuliza, miguu ikatulia kwanza, kisha sauti ikatoka: "Dada, hata mimi natafuta wa kumuuliza."

Huyo ndiye kaka yangu, fundi wa magari ya mashindano. Watu wanamwita Kaza Tena. Ukishakaza nati mbele yake ukadhani umemaliza, atasema "kaza tena", na ukikaza atarudi mwenyewe aikaze ukiwa umegeuka. Mkewe alifariki binti yao akiwa bado anatambaa. Nikahamia kwake nimlee mtoto, nikidhani nitakaa mpaka aanze shule. Sasa huyo mtoto ana mume, na mimi bado nipo.

Gereji yake iko nyuma ya nyumba, unatoka jikoni unaingia humo moja kwa moja, ndiyo maana sufuria zangu zina harufu ya oili na spana zake zina harufu ya vitunguu. Binti alikulia humo. Alijua kupiga jeki kabla hajajua kusuka nywele, na alipokua akawa dereva wa mashindano. Halafu akaolewa na dereva mwenzake. Kijana mwenyewe siku ya kuja kujitambulisha alifika na gari linavuja. Kaka alilitengeneza kwanza, ndipo akakaa kumsikiliza shida yake. Tangu hapo magari yote mawili yanalala katika gereji moja, na fundi wao ni mmoja.

Wanavyoendesha ni mbingu na ardhi. Binti ni wa kufika. Wa pili, wa tatu, lakini utamwona tu anakuja. Mkwe ni wa kushinda au kuvunjika, hana katikati. Siku akishinda anaacha watu wote nyuma, siku asiposhinda anarudi kwa kamba.

Pointi zao zilikuwa rahisi, hata mimi wa shule ya msingi nilizielewa. Wa kwanza anapata nyingi, wa pili pungufu, wa tatu pungufu tena, na asiyefika hapati kitu. Mwisho wa mwaka zinajumlishwa zote. Mwaka ule zilibaki mbio moja tu, binti akiwa mbele ya mumewe kwa pointi chache.

Ndipo mwenyekiti wa chama chao akaleta jambo jipya. Alisema si haki dereva mzuri akose kombe kwa sababu ya gari kuharibika, na tena watazamaji wanapenda mshindi, hawaji kumwangalia mfikaji. Kwa hiyo kila dereva afutiwe zile mbio zake mbili mbaya kuliko zote, na hesabu ianzie mwaka uleule.

Nilimwomba binti anieleze, tukiwa mezani.

"Shangazi, ni hivi. Mume wangu ana sifuri mbili. Zinafutwa, habaki na ubaya wowote."

"Na wewe?"

"Mimi sina sifuri. Kwa hiyo nafutiwa pointi nilizopata."

"Kwa kosa gani?"

"La kufika."

Mkwe akacheka, chai ikampalia. "Shangazi, mimi sikuomba. Nimeletewa tu."

"Lakini hujakataa," mkewe akasema.

"Mtu akiletewa zawadi anakataa?"

"Inategemea imetolewa kwenye kabati la nani."

Kaka aliinamia kikombe chake. Nikajaribu kuielewa kwa njia yangu. Nikasema ni kama kwaya yetu: ukikosa mazoezi mara mbili tunakusamehe. Binti akasema sawa, lakini je, yule asiyekosa hata mara moja mtamfutia mara mbili alizokuja? Nikaona kweli. Mkwe naye akasema mtu akiumwa asihesabiwe mtoro. Nikaona nayo kweli. Usiku ule niliomba Mungu anijalie kuelewa, na asubuhi niliamka nimechanganyikiwa vilevile.

Kaka alikuwa na mzigo mzito kuliko wetu. Katika chama kile sauti ni tatu: ya madereva, ya washika saa na ya mafundi. Madereva walikubali mabadiliko, washika saa wakakataa. Mafundi wakamwachia kaka aseme kwa niaba yao, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Akisema ndiyo, kombe linamtoka binti yake. Akisema hapana, linamtoka mkwe wake. Na wote wawili jioni wanakula mezani pake.

Kulikuwa na jambo jingine, na tulilijua watu watatu tu. Kaka, mkwe na mimi.

Asubuhi ya mbio mojawapo mwaka ule, kaka alikuwa akikagua gari la binti. Boneti ya gari lile fimbo yake ilivunjika zamani, kwa hiyo kuishikilia ndiyo kazi yangu. Kaka akapapasa mpira unaopeleka maji kwenye rejeta, akakuta umechanika kidogo chini, mahali pa kujificha. Maduka yalikuwa bado yamefungwa. Mkwe akachungulia. Akaenda kwenye gari lake, akafungua mpira wake mzima, akauleta.

"Mfungie huu," akasema.

"Na wewe?" kaka akauliza.

"Nipe huo wake, nizungushie utepe."

"Utakuacha njiani."

"Nitakwenda taratibu, baba."

Hapo hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu taratibu yule kijana anaisikia kwa watu. Akatuomba tusimwambie mkewe. "Atakataa. Mnamjua."

Siku hiyo binti alishinda, mara yake ya pekee mwaka ule. Gari la mumewe lilichemka katikati ya njia likatoa mvuke kama birika. Alirudi kwa kamba huku anaimba. Ile ndiyo sifuri yake moja. Ya pili aliipata kwa kiburi chake mwenyewe: alitaka kumpita mtu kwenye kona isiyopitika, akaishia mchangani.

"Sasa dada," kaka aliniambia tukiwa tunachambua maharage, "sifuri moja ya upendo, moja ya ujinga. Wao wanataka wazifute zote kwa kitambaa kimoja. Nisemeje?"

Nikamwambia asali. Akasema ameshasali, amejibiwa kimya.

Siku ya mkutano nilikwenda naye, nikakaa nyuma kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti alieleza ile hesabu ubaoni mpaka chaki ikamkatikia. Jirani yangu wa kiti akaninong'oneza kama nimeelewa. Nikamwambia nilikuwa nimeelewa kabla hajaeleza.

"Haya, Kaza Tena," mwenyekiti akasema. "Mafundi wanasemaje? Ndiyo au hapana?"

Kaka akasimama. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kisha akasimulia habari za ule mpira wa rejeta mbele ya watu wote. Binti alikuwa mstari wa mbele karibu na mumewe. Niliona shingo yake inageuka polepole kumtazama, na mumewe anaangalia dari.

"Huyu kijana alipotoa mpira wake," kaka akasema, "alijua kila mbio zinahesabiwa. Alijua anachopoteza. Mkizifuta leo, mtakuwa mmemfutia na alichotoa. Mwakani fanyeni mnavyotaka, watu waanze wakijua. Mwaka huu mafundi wanasema hapana."

Mtu mmoja akauliza, "Kwa hiyo unamtetea mkwe kwa kumnyima kombe?"

"Ndiyo hapo hata mimi sijielewi," kaka akajibu, akakaa.

Tukaanza safari ya kurudi. Nilifikiri binti atamshukuru mumewe, kumbe alikuwa amefura. Tulipofika hakuingia hata ndani. Alikwenda gerejini, akainua boneti yake akaishikiza kwa kichwa, akaufungua ule mpira. Maji yakamwagika mpaka mlango wa jikoni kwangu.

"Chukua mpira wako," akamwambia mumewe.

"Ulishakuwa wako."

"Ule ushindi nao ni wa nani? Nilishinda mimi au ulishinda mpira?"

"Umeendesha wewe, mpira haujui kona."

"Sasa wewe umefunga nini?"

"Wa kuokoteza. Unatosha."

"Basi fungua nifunge mimi huo."

"Sifungui."

Akafungua mwenyewe, mume akimshika mkono na kumwachia, hajui azuie au asaidie. Mbio za mwisho zilikuwa kesho yake, na magari yote mawili yalikuwa wazi, yanavuja kama ng'ombe walioachwa bila kukamuliwa. Nilisimama mlangoni na dekio, sijui nimwonee huruma nani.

Kaka akaingia. Hakugomba. Akachukua mpira mmoja kwa binti, mwingine kwa mkwe, akaifuta yote kwa tambara lake mpaka ikafanana, hujui tena upi ni wa nani, akaiweka juu ya meza ya kazi.

"Naomba mtoke nje wote wawili," akasema, "na mnifungie mlango. Dada abaki anishikie boneti."