Sauti Zilizomkubali Somoe

Mabibo yaliyoiva kupita kiasi yana harufu kali ya sukari iliyochacha. Ukitaka kunirudisha Mbekenyera huna haja ya basi, ninusishe tu bibo. Likizo ile mama alinitoa Nachingwea akanipeleka kwa shangazi kuokota korosho, na huko nikamkuta binamu yangu Somoe, rika langu, ameapa kwamba shule ikifunguliwa harudi. Alizaliwa na mdomo uliopasuka mpaka kwenye kaakaa, hivyo maneno mengi yalimtokea puani, na kila aliposimama kusoma darasani wenzake walimwigiza. Basi akanyamaza. Shangazi alishachoka kumbembeleza. Mimi nilikuwa mbishi tangu tumboni, nikajiambia, harudi nani? Atarudi.

Tulikuwa tukinyofoa korosho kwenye mabibo, vidole vikinata, nilipomwambia tutunge lugha yetu na mdomo wake ndio uchague sauti. Mimi nikawa nataja, yeye anajaribu. Pa, ta na ka zilivuja hewa puani, tukazifukuza. Sa na cha nazo zikafuata. Lakini ma, na, nya, ng'a, la, wa na ya zilimtoka safi kabisa, kwa hiyo hizo tu ndizo zikawa lugha. Bibo likawa liwela, korosho ng'olo, na kumwita mtu ukasema weya. Jina lake mwenyewe lilimshinda kulitamka, akalitupa na kujiita Yamwela. Alilirudia polepole, mara nyingi, akilisikiliza, nami machozi yakanilenga.

Shangazi akatusikia kutoka jikoni. "Nyie, hiyo lugha gani? Kimwera siyo, Kiswahili siyo!"

"Yangu, mama," Somoe akajibu. Shangazi aliacha kupepeta akamtazama, maana siku nyingi hakuwa amejibiwa kwa sauti.

Haikuchukua muda watoto wa jirani wakataka kuingia, akiwemo Shaibu, kinara wa kumwigiza Somoe darasani. Tukawapa sharti: ukitamka sauti iliyofukuzwa, unampa Somoe kiganja cha korosho. Shaibu alitaabika! Kila akifungua mdomo, ka hiyo imetoka. Ndoo yake ikapungua huku anaapa, na kuapa kwenyewe kukamgharimu. Somoe alicheka mpaka akakaa chini, na hakuuziba mdomo kwa mkono kama alivyozoea.

Shule zilipofunguliwa mimi nilisharudi Nachingwea. Likizo iliyofuata nilimuuliza ilikuwaje. "Walicheka," alisema. "Nikangoja wamalize, nikaanza tena mwanzo wa ukurasa." Nilifurahi kana kwamba nimesoma mimi.

Siku hizi watoto wenye midomo kama ule hushonwa wangali wachanga, nami nashukuru sana. Somoe alishonwa ukubwani, sauti ikabaki ileile. Lugha yetu imekufa, maneno mengi nimeyasahau, wala siililii. Juzi aligombea uenyekiti wa kikundi cha wakulima wa korosho huko Ruangwa, ikabidi aombe kura mbele ya umati, kwa Kiswahili chenye pa na ka zake zote. Nikampigia simu usiku kumuuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa, dada. Kuna waliosema hawanisikii vizuri. Nikawaambia asiyesikia asogee mbele."

"Halafu?"

"Wakasogea."