Mimi na Mavyaa Wangu Tulipokwenda Kuchagua Televisheni

Nilipoolewa mtaa wa Malindi, hapa kisiwani kwetu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilimkuta mavyaa wangu na televisheni ya inchi kumi na nne chumbani kwake juu. Ilikuwa imezeeka vibaya. Rangi zilikuja na kuondoka zitakavyo, na picha ikianza kuruka ilibidi uipige kofi ubavuni ndipo itulie. Macho yake nayo yalikuwa yameanza kudhoofu. Akivuta kiti mpaka magoti yaguse meza, na bado akiniuliza, "Huyo anayelia ni mke au ni dada?"

Mume wangu alikuwa akifanya kazi bandarini. Jioni moja alipanda juu, akamkuta mama yake pua imekaribia kugusa kioo, akacheka.

"Mama, utaingia humo ndani. Nshazungumza na ndugu zangu, tunakununulia kubwa. Lakini mimi wiki hii sina nafasi, meli tele. Nendeni nyinyi wawili mkachague."

Nyinyi wawili. Nilikuwa na miezi michache tu nyumbani mle, na siku zote hizo mavyaa hakuwa amenitolea neno baya, wala hakuwa amenitolea maneno mengi. Wao ni watu wenye asili ya Uarabuni, waliokuwa na mashamba ya mikarafuu zamani. Mimi ni binti wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, babu zangu walitoka bara, na mama yangu alinisomesha kwa kuuza mkate wa kumimina. Ule ukimya wake niliuchukulia kuwa ndio jibu lake. Nilidhani amenikubali kwa sababu mwanawe kataka, basi.

Asubuhi ya pili tulivaa mabuibui tukashuka. Mkononi alikuwa na kikapu kilichofunikwa kitambaa, na hakuniambia ndani mna nini. Tulipofika Darajani tuliingia duka moja lililojaa feni, majokofu na televisheni zilizopangwa mpaka darini. Mwenye duka, bwana mmoja mnene mchangamfu, alimwamkia mavyaa shikamoo kisha akatupeleka moja kwa moja kwenye televisheni mbili za inchi ishirini na tisa. Sikuwahi kuona kioo kikubwa vile.

"Hii nyeusi ndiyo inayopendwa," alisema akiipapasa. "Tazama spika zake, huku na huku. Ukiweka taarabu, bibi yangu, nyumba nzima inatetemeka."

"Nyumba yetu ya mawe na chokaa, mwanangu," mavyaa akajibu. "Ikitetemeka itatuangukia."

Nilicheka kwa sauti kabla sijajizuia. Mavyaa aligeuka akanitazama, na nikaona pembe ya mdomo wake nayo imeinuka kidogo.

Yule bwana akaziwasha zote mbili. Asubuhi ile hapakuwa na kipindi, zikatoa chenga tu. Akasema ana kanda ya mpira, atuwekee. Hapo mavyaa akafunua kikapu. Akatoa kwanza mtandio wake wa hariri, wa rangi ya zambarau iliyoiva, wenye nyuzi za zari. Kisha akatoa kanda ya video.

"Mpira siujui," alisema. "Nguo hii naijua, na niliivaa siku hii. Tivii itakayonionyesha rangi hii hii ndiyo ninayoitaka."

Niliitambua ile kanda nikataka kujificha nyuma ya jokofu. Ilikuwa kanda ya harusi yangu, siku niliyotolewa nje kuonyeshwa wageni, sherehe ya wanawake peke yao, ambayo hata aliyeipiga video alikuwa mwanamke.

Mwenye duka alinyoosha mkono kuipokea. Mavyaa akaivuta kanda kwake. "Si yako hii. Humu mna wanawake wamefunua vichwa."

"Sasa nitaiwekaje bila ya kuiona?"

"Mkeo yuko wapi?"

Mke wake alikuwa ghorofani, juu ya duka. Aliitwa, akashuka na unga wa chapati mikononi, akaelezwa, akafurahi kama aliyealikwa harusini. Aliwafukuza mumewe na wateja wawili wanaume, wakaenda kusimama barazani. Wanawake waliokuwa wakichagua feni wakabaki. Mlango ukafungwa. Wanawake wengine wawili watatu waliokuwa wakipita njiani waliuliza kuna nini, wakaambiwa, wakaingia nao.

Mke wa mwenye duka aliitia kanda kwenye deki ya video, akachomeka waya wake kwenye televisheni nyeusi yenye spika. Ngoma ikalia kweli, vioo vya kabati vikaimba. Nikajiona nimeletwa ukumbini, macho chini, mikono imejaa hina. Lakini sote tulikuwa na rangi ya manjano kama tuliopakwa liwa, na mtandio wa mavyaa ulikuwa buluu.

"Buluu!" mavyaa akasema, akiuinua ule wa kweli kando ya kioo. "Mimi nilivaa buluu?"

"Hukuvaa, bibi!" wakajibu wanawake, kana kwamba wote walikuwapo.

Waya ukahamishiwa kwenye ile ya pili, iliyokuwa ya kijivu na haikuwa na mapambo yoyote. Kanda ikarudishwa nyuma. Safari hii mtandio ulitoka zambarau, na nyuzi za zari zikang'aa. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Wengine wakampokea. Mlango ukagongwa kutoka nje.

"Mshamaliza?" ilikuwa sauti ya mwenye duka.

"Bado!" mkewe akajibu. "Bi harusi hajakaa!"

Mle kwenye kanda, nilipokaa kwenye kiti changu cha maua, ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona, kwani siku yenyewe macho yangu yalikuwa chini. Tulikuwa tumeitazama kanda ile mara kadhaa katika televisheni ya nyumbani, lakini ile ilikuwa ikikata picha pembeni, na kilichobaki hapo kilikuwa ukungu. Hii ilionyesha mpaka ukingo. Na ukingoni, karibu na mlango wa ukumbi, alisimama mama yangu mzazi, kajikunyata katika kanga zake mpya, kama mtu asiyejua akae wapi kati ya wageni wenye dhahabu.

Kisha mavyaa wangu akaonekana anamwendea. Akamwambia neno sikioni. Akakichomoa kikuba kilichokuwa kifuani pake, kile cha asumini na rehani, akamchomeka mama yangu kifuani. Halafu akamshika mkono akampitisha katikati ya wageni wote, akamkalisha kiti cha mbele, kile cha ukingoni, chake mwenyewe, na yeye akabaki kasimama nyuma yake, mkono begani mwa mama.

"Mama," nilimwambia mavyaa, nikikinyooshea kioo kidole. "Yule si mama yangu?"

"Ndiye."

"Ulimwambia nini?"

Hakuondoa macho kwenye kioo. "Nilimwambia, bibi, mama wa bi harusi hasimami mlangoni. Umenipa mtoto, mimi nshindwe kukupa kiti?" Akaukunja mtandio wake. "Mimi si msemaji, mwanangu. Nlidhani unajua."

Nilimkumbatia pale pale, mbele ya majokofu na watu nisiowajua. Mke wa mwenye duka akajifuta machozi, akajipaka unga usoni, na tulipomwona tukacheka sote mpaka mlango ukagongwa tena.

Tuliichukua ile ya kijivu. Mwenye duka alijaribu mara ya mwisho kuzisifia spika, mkewe akamwambia anyamaze, yeye hakuwapo. Hamali waliileta kwa rukwama mpaka Malindi, mavyaa akitangulia mbele akiwasafishia njia: "Pisheni! Pisheni, mgeni huyo!" Sikujua kama ana sauti kubwa vile. Watoto wa mtaa wakamfuata, na majirani wakachungulia madirishani kuuliza nani anaoa.

Ijumaa alinituma Ng'ambo nikamlete mama. Mama alikuja na mkate wa kumimina ungali wa moto, akapanda zile ngazi kwa mara ya kwanza, akishika ukuta. Usiku ule ilikuwa filamu ya Kihindi. Wote wawili hawajui Kihindi, lakini mavyaa alianza kumfasiria kila neno, na mama akawa anambishia.

"Anasema hamtaki," mavyaa akasema.

"Anamtaka! Mtazame macho!"

"Macho hayo ya hasira, bibi."

"Hasira ya kumtaka!"

Mume wangu alirudi kutoka kazini akawakuta juu ya mkeka mmoja, wameegemeana, sinia la mkate katikati yao. Akasimama mlangoni akaitazama televisheni.

"Ile yenye spika kubwa hawakuwa nayo?" akauliza.

"Kaa chini unyamaze," mama zake wawili wakamwambia kwa pamoja, na akakaa.