Émilienne, mpiga pasi wa Shituru aliyekataa kufuta majina

Saa saba mchana, Jumapili ya Agosti 1995, wanaume watano wazima wameketi kwenye benchi moja huko Shituru, mjini Likasi, wakiwa wamejifunga vitenge vya wake zao. Hakuna anayecheka. Suruali zao ziko mezani kwa Mama Émilienne, naye ni mtu asiyependa kuharakishwa.

Anapuliza makaa ndani ya pasi. Analowesha kidole kwa mate, anagusa chuma, kinalia chsss. Ndipo anaishusha taratibu kwenye goti la suruali ya kahawia iliyochakaa hadi nyuzi zake zinaonekana.

"Suruali ya swingi hapana kupiga fer mbio-mbio," anawaambia bila kuinua kichwa. "Mustari ukipinda, na weye utapinda pale mbele ya batu."

Wanaume hao ni wachezaji wa swingi, ile dansi ya kumrusha mwenzako mbali kisha kumvuta tena kifuani kabla hajakukasirikia. Saa tisa wanatakiwa kuwa ukumbini. Na sauti watakayoichezea, ile iliyomo kwenye kaseti iliyofungwa kwa kitambaa juu ya kabati, ni ya huyu huyu mama anayewapigia pasi.

Émilienne ana miaka sitini na moja. Ujana wake aliumalizia kwenye chumba cha kufulia cha kampuni ya migodi, akisugua ovaroli zenye madoa ya asidi. Jumamosi alivaa gauni na kuimba jazi kwenye ukumbi wa wafanyakazi, mbele ya tarumbeta mbili, klarineti na piano iliyokosa funguo kadhaa.

Alijifunza jazi hiyo kutoka kwenye sahani za santuri ambazo watu wa reli walizileta kutoka ng'ambo ya mpaka. Kiingereza hakukijua, na hata leo hakijui.

"Maneno sikuyayua," anasema. "Niliyua tu pahali mama wa ile disque alikuwa anapumua. Nikapumua pale pale. Kiisha nikatia maneno yangu ya Kiswahili."

Hakuwahi kuingia studio. Kaseti hiyo ilitokana na usiku mmoja wa mwaka 1968, mashine ya kurekodi ikiwa juu ya kreti za bia na wachezaji wakiwa papo hapo sakafuni. Ukisikiliza vizuri unasikia viatu vyao. Watu wa Likasi wanaipenda kuliko rekodi nyingi zilizotoka mbali kwa ndege.

Kwa nini? Floribert, mstaafu wa kiwandani, ambaye ni mmoja wa wale wenye vitenge, anajibu kwa mikono, na kitenge kinataka kumfunguka.

"Orchestre inafika, mama hayafika! Unasema, ah, leo amepotea. Kumbe anakuya nyuma kidogo. Mu ile nafasi njo unarusha bibi yako. Baimbaji bengine banakukimbiza. Huyu anakungojea."

Siku hizi hakuna kingine kinachomngojea mtu hapa Likasi. Tangu uporaji wa 1991, maduka mengi yamebaki kuta. Kiwanda cha Shituru kinatoa moshi pale kinapoweza, mshahara huchelewa kwa miezi, na ukifika haumalizi wiki. Vijana wamekwenda kuchimba madini kwa mikono huko Kamatanda. Kwa suruali moja Émilienne hupata kopo la unga wa mahindi. Wiki ikiwa mbaya hupata ahadi.

Lakini si njaa iliyomfanya azungumziwe mjini mwezi huu. Ni majina.

Enzi za ukumbi ule, mwimbaji aliwaita wachezaji wawili wawili katikati ya wimbo. Ukisikia jina lako, wengine wote wanakupisha, na sakafu inakuwa yako na mwenzako mpaka jina jingine liitwe. Kwenye kaseti, wimbo wa mwisho, Émilienne anaita: "Kazadi na Albertine!" Wanashangiliwa. Anawaita tena, kwa sababu hakuna waliowapita.

Kazadi alikuwa fundi umeme wa kiwanda. Ndiye aliyemnakilia Émilienne kaseti hiyo kutoka kwenye kanda kubwa ya ukumbi, ambayo baadaye wezi waliondoka nayo. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipoambiwa kwamba hapa si kwao, Kazadi na mkewe walilala wiki nyingi kwenye kituo cha reli pamoja na maelfu ya wenzao, wakingoja treni chini ya maturubai. Tangu treni iwachukue hawajaandika hata barua moja.

"Kazadi alizaliwa hapa," anasema Émilienne, na pasi inatua mezani kwa kishindo. "Tulibatizwa mu kanisa moja. Leo banamuambia aende kwabo. Kwabo ni wapi? Kwabo ni ile nyumba pale, yenye mulango wa bleu!"

Mlango wa bluu upo kweli, hatua chache kutoka mezani kwake. Wanakaa watu wengine.

Wiki iliyopita Germain, msimamizi wa ukumbi, alimjia. Kuna vijana, alisema, hawataki kuyasikia majina hayo. Ama yafutwe, ama ukumbi ufungwe. Germain si mtu mbaya. Ni mtu mwenye watoto na mwenye woga. Akamtafutia njia ya kati.

"Mama, punguza tu sauti pale pa majina," alimsihi. "Kidogo tu. Nani atayua?"

"Minye nitayua," alijibu.

Suruali zimekwisha. Wanaume wanavaa nyuma ya pazia, wanatoka wakiwa warefu zaidi kuliko walivyoingia, nasi tunaandamana kwenda ukumbini. Mlangoni pana kufuli jipya. Germain haonekani. Vijana watatu wameegemea ukuta.

Sikuficha hofu yangu; nilitafuta kwa macho njia ya kukimbilia. Émilienne yeye alilitazama kufuli, akaitazama baraza ya saruji iliyo mbele yake, akaweka kwenye ngazi redio yake yenye kaseti ile na kusema, "Hapa panatosha." Wake za wacheza dansi wakafika na viatu vyao mkononi, ili visiliwe na changarawe za njiani. Dansi ikaanza.

Ni lazima niseme ukweli, nilikuwa sijaona kitu kama kile. Watu waliokosa chakula cha mchana wanarushana na kudakana huku mistari ya suruali imesimama wima. Majirani wakajaa barabarani.

Wimbo wa mwisho ulipoanza, wachezaji walisogea pembeni bila kuambiwa. Walikuwa wakiwaachia Kazadi na Albertine nafasi yao katikati, kama wafanyavyo kila Jumapili tangu treni ile iondoke. Ndipo mmoja wa vijana akajitenga na ukuta, akainama, akabonyeza redio. Kimya.

Kimya hicho hakikumaliza hata pumzi moja. Floribert aligonga saruji kwa kiatu. Mwingine akamfuata, na mwingine, mpaka baraza nzima ikapata mapigo. Émilienne akachelewa, kama anavyochelewa siku zote, hata nikadhani ameogopa. Kisha sauti ikaja, nzito kuliko ile ya kaseti, imekwaruzika, lakini ikatua pale pale inapotakiwa kutua.

"Kazadi na Albertine!"

Akawaita mara ya pili. Kisha akaendelea na wengine ambao hawamo kwenye kaseti, mpiga klarineti, mhudumu wa ukumbi, familia iliyokuwa na duka la sabuni, wote waliopanda treni ile. Barabarani watu wakaanza kumtajia majina aliyoyasahau. Kijana alibaki ameinama, kidole bado kiko juu ya redio, hajui akipeleke wapi.

Émilienne alimaliza, akafuta jasho, akachukua redio yake.

"Redio iko na bouton," alimwambia. "Minye siko nayo."

Jumapili ijayo watacheza tena hapo barazani, ukumbi ufunguliwe usifunguliwe. Anatafuta mtu mwenye mashine ya kurekodi, aimbe upya wimbo huo na majina yote.

Tuliporudi mezani kwake, alitoa chini ya rundo la nguo suruali moja nyeusi, akaanza kupuliza makaa upya. Ni ya Kazadi. Aliiacha siku treni ilipokuja ghafla, na alikuwa ameshalipa. Huipiga pasi kila Jumapili.

Nilimuuliza kama anaamini itamtosha akirudi.

"Atakuwa alikonda," alisema, akipapasa kiuno cha suruali. "Shiye bote tulikonda. Akifika, nitaipunguza pale pale akiwa anangojea. Nitamupa kikwembe ajifunge, aikale na benzake pa benchi."